Tathmini ya huduma ya ukaguzi na ukarabati wa nyumba ya kupangisha baada ya mpangaji kuhama

Mwishoni mwa Aprili 2025 mjumbe wa mtaa ilipo nyumba yangu ya Kigamboni alinipigia simu nikiwa Morogoro, akanieleza kwamba mpangaji amehama, kwamba funguo ameziacha kwake, na kwamba ingekuwa vyema nifike mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote kuingia ndani. Sauti yake ilinitosha. Kesho yake nilipanda treni ya asubuhi hadi Dar es Salaam, nikavuka kwa pantoni, na kufikia saa sita mchana nilikuwa nimesimama sebuleni mwa nyumba niliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa ya mshahara wa uuguzi, nikitazama dari iliyokuwa imelala sakafuni.

Kipande cha jipsamu chenye upana wa kitanda kilikuwa kimeanguka na kuacha mbao za dari wazi. Jikoni milango miwili ya kabati ilikuwa imeng'oka kwenye bawaba, na ukuta wa upande wa dirisha ulikuwa umeshika masizi ya mkaa toka usawa wa kiuno hadi juu. Soketi mbili zilikuwa zimeungua, mlango wa chumba cha watoto ulikuwa umetobolewa chini kana kwamba umepigwa teke, na pale mpangaji alipokuwa amefunga kiyoyozi chake palibaki matundu manne na waya uliokatwa ukining'inia. Nyuma ya nyumba chemba ya maji machafu ilikuwa imefurika hadi njiani kwa jirani. Chini ya kuta, karibu vyumba vyote, rangi ilikuwa imebabuka na kumwaga unga mweupe sakafuni. Nilikaa barazani nikalia. Nyumba hiyo ndiyo inayonilipia dawa na kumsomesha mjukuu, na nilijua kwamba kila mwezi itakaokaa tupu ni mwezi ambao laki nne hazitaingia.

Dalali aliyeniletea mpangaji huyo mwaka 2023, akachukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, alifika jioni ile ile akiwa na fundi. Fundi alizunguka kwa muda usiozidi robo saa, akaandika nyuma ya karatasi ya risiti jumla ya shilingi 6,200,000, akasema kwamba dari yote ishushwe, kuta zote zipigwe rangi ya mafuta ili zisisumbue tena, na kwamba gharama yote ni ya kumdai mpangaji kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ndani. Nilipomwuliza ni kipi hasa kimegharimu nini, alinijibu, "Mama, hii ni kazi ya jumla." Sikumpa kazi hiyo, ingawa nakiri kwamba kwa hasira niliyokuwa nayo maneno yale ya kumdai mpangaji kila kitu yalinipendeza.

Huduma ninayoitathmini hapa nilielekezwa na muuguzi mwenzangu wa zamani mwenye vyumba vya kupangisha upande wa Mbagala. Ni kampuni ndogo ya vijana watano ambayo kazi yake ni moja tu: kukagua nyumba pale mpangaji mmoja anapotoka na mwingine anapotarajiwa kuingia, kuandika ripoti, kufanya ukarabati ikiwa mwenye nyumba ataridhia makadirio, na kusimamia makabidhiano. Si madalali na hawatafuti wapangaji. Jina lao silitaji kwa kuwa nina malalamiko mawili juu yao, ambayo nimeyapeleka kwao wenyewe, na pia kwa kuwa ninachotaka msomaji akipime ni aina ya huduma, ambayo naamini wenye nyumba wengi hawajui kwamba wanaweza kuidai kwa fundi au wakala wao yeyote.

Ukaguzi peke yake ulinigharimu shilingi 120,000, zilizolipwa kabla. Walikuja watatu: fundi umeme, fundi bomba na binti mmoja fundi sanifu wa majengo aliyekuwa kiongozi wao. Binti huyo alinisalimia, "Shikamoo mama," akaniomba nimpe mkataba wa pango, picha zozote za nyumba kabla mpangaji hajaingia, na ujumbe wote wa simu niliowasiliana na mpangaji kwa miezi yote 22 aliyokaa. Mkataba nilikuwa nao, wa kurasa mbili, ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Picha nilikuwa nazo nne, zote za nje, nilizozipiga siku tulipomaliza kupaka rangi. Ujumbe nilimpa simu yangu akausoma mbele yangu. Wakati huo niliona ni kupoteza muda. Baadaye nilielewa kwamba humo ndimo ilimokuwa nusu ya majibu.

Walianzia juu ya paa. Hilo lilinishangaza, kwa kuwa dari ilikuwa imeanguka na mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba kuna mtu aliyepanda kule juu kuvuta waya akaikanyaga. Fundi aliyepanda alishuka na msumari wa bati mkononi, mpira wake wa kuzuia maji ukiwa umekauka na kupasuka kama ganda la muhogo. Alisema amekuta zaidi ya kumi za namna hiyo kwenye upande unaopigwa na jua la mchana, na kwamba chini yake mbao zina alama za maji za muda mrefu, mzunguko juu ya mzunguko. Ndipo binti yule akanionyesha ujumbe kwenye simu yangu mwenyewe, wa Aprili 2024, wakati wa masika yale makubwa, mpangaji akiandika kwamba sebuleni kunavuja na dari imeanza kuwa ya njano. Nilikuwa nimemjibu kwamba nitamwambia dalali. Dalali niliyemwambia hakufanya lolote, nami sikufuatilia. Jipsamu ikilowa na kukauka, ikalowa tena, hulegea kwenye skrubu zake hadi inashuka kwa uzito wake yenyewe. Hakuna mtu aliyehitaji kuikanyaga.

Ukuta nao ulikuwa na historia yake. Mimi nilidhani rangi imebabuliwa na vitanda na makochi yaliyosukumwa ukutani, pamoja na watoto kumwaga maji. Binti alikwangua unga ule mweupe kwa ncha ya bisibisi, akauonja kwa ulimi, akanipa nami nionje. Ilikuwa chumvi. "Mama, ukuta huu haukuharibiwa na mtu, umeliwa na chumvi," alisema, kisha akaniuliza tulijenga kwa maji gani. Tulijenga kwa maji ya kisima kilichochimbwa pale pale kiwanjani, na yeyote aliyeishi Kigamboni anajua kwamba visima vingi vya huko, hasa vilivyo karibu na bahari, vina maji ya chumvi. Chumvi iliyomo kwenye lipu huvuta unyevu, unyevu hupanda na kukauka usoni mwa ukuta, na chumvi inapoganda nyuma ya rangi huisukuma rangi itoke. Ndiyo maana uharibifu ulikuwa umeishia usawa mmoja wa goti katika vyumba vyote, hata nyuma ya kabati la ukutani ambako hakuna kochi wala mtoto aliyefika. Akaongeza jambo lililoniokolea fedha: rangi ya mafuta aliyoipendekeza fundi wa kwanza ingeufungia unyevu ndani, na baada ya mwaka mmoja ingevimba malengelenge na kung'oka pamoja na lipu.

Kwenye umeme hali ilikuwa hivyo hivyo. Soketi zilizoungua nilizihesabu moja kwa moja kuwa kosa la mpangaji, kwa kuwa nilijua alikuwa na jiko la umeme. Fundi umeme alifungua soketi, akavuta waya, akapima. Ulikuwa waya wa milimita 1.5, ambao hutumika kwenye taa, wakati soketi hustahili waya wa milimita 2.5. Fundi aliyenifanyia waya mwaka 2016 alikuwa amechukua fedha ya waya mmoja akaweka mwingine. Mpangaji alichomeka jiko kwenye soketi ya jikoni, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya, na waya ukashindwa. Nilipolisikia hilo nilinyamaza kwa muda, kwa sababu nilianza kuwaza yale ambayo yangeweza kuwapata watoto wale usiku.

Haya yote hayakumtakasa mpangaji, na hapa ndipo nilipozidi kuiheshimu kazi yao, kwa sababu hawakuja kumtetea mtu. Masizi ya jikoni yaliandikwa kwake bila kigugumizi: mkataba ulikataza mkaa ndani, palikuwa na banda la nje la kupikia, naye alipikia ndani. Mlango uliotobolewa uliandikwa kwake. Milango ya kabati, matundu ya kiyoyozi, kifuniko cha tangi la choo kilichopasuka, mabomba mawili ya mapazia yaliyokuwa hayapo, nyavu za madirisha zilizokatwa kwa kisu ili kupitisha waya wa dishi, vyote viliandikwa kwake. Chemba waliifungua mbele yangu na mbele ya mjumbe, wakatoa nepi za watoto, mabaki ya vitambaa na mafuta ya kupikia yaliyoganda kama mshumaa. Hiyo nayo ilikuwa yake.

Vigae vilinifundisha zaidi. Kulikuwa na vigae kumi na kimoja vilivyopasuka, na mimi nilikuwa nimevihesabu kama kundi moja. Binti alivigonga kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Saba vililia kama debe tupu: chini yake fundi aliyevitandika alikuwa ameweka donge la saruji katikati na kuacha pembe zikielea, kwa hiyo uzito wowote wa kawaida ungevipasua. Vinne, vyote vya jikoni karibu na mlango wa nyuma, vililia vizuri, lakini vilikuwa na kidonda kimoja katikati na nyufa zilizotawanyika kutoka hapo. Hapo palitwangwa kitu. Mjumbe alicheka akasema kinu chao alikuwa akikisikia kila Jumamosi. Vinne vikaenda kwa mpangaji, saba vikabaki kwangu.

Ripoti niliyopewa baada ya siku tatu ilikuwa na kurasa kumi na nne zenye picha, na kila kasoro iliwekwa katika fungu moja kati ya matatu. Fungu la kwanza lilikuwa uharibifu wa mpangaji, shilingi 1,640,000. La pili lilikuwa uchakavu wa kawaida na mambo yaliyokuwa wajibu wa mwenye nyumba, dari ikiwemo, shilingi 1,470,000. La tatu lilikuwa kasoro za ujenzi, yaani waya, lipu ya chumvi na vigae vyenye uwazi, shilingi 740,000. Jumla ni 3,850,000, ambayo ni pungufu ya 2,350,000 kulinganisha na karatasi ya fundi wa kwanza. Ndani ya fungu la kwanza kulikuwa na hesabu ambayo sikuwahi kuifikiria: vitu havikudaiwa kwa bei ya upya. Kabati za jikoni zilikuwa na umri wa miaka saba, wao wakakadiria kwamba kabati za mbao za kubandika za aina ile zikitunzwa zinadumu miaka kama kumi na miwili, hivyo mpangaji akaandikiwa sehemu iliyobaki ya maisha yake tu. Rangi ya ukuta wenye masizi, ambayo ingehitaji kurudiwa hata hivyo, aliandikiwa gharama ya kusafisha na ya rangi ya kwanza ya kuzuia masizi yasipenye, si ya kupaka chumba kizima. Mwanzoni nililipinga hilo. Nilimwambia binti kwamba mimi ndiye ninayemlipa, iweje ampunguzie mwingine. Alinijibu kwa adabu kwamba ripoti inayodai kupita kiasi haisimami pale inapopingwa, na kwamba anaandika kitu ambacho angeweza kukisoma mbele ya mpangaji mwenyewe.

Ukarabati wenyewe ulianza katikati ya Mei na ulipaswa kuchukua siku ishirini na moja. Kazi ya paa na dari ilikuwa safi kabisa. Walibadilisha misumari yote ya upande ule badala ya kuziba iliyovuja tu, na walibandua jipsamu hadi pale penye mbao kavu. Kuta walizikwangua lipu hadi kimo cha mita moja, wakazipiga lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji, iliyochanganywa kwa maji ya bomba ya DAWASA waliyoyaleta kwa madumu, hawakugusa kisima. Risiti za EFD za duka la vifaa vya ujenzi walinipa zote. Za mchanga na usafiri walinipa karatasi za mkono zenye tarehe na namba ya gari. Majirani walikuja kuangalia.

Lalamiko langu la kwanza ni la muda. Mvua za mwisho wa masika ziliendelea hadi mwishoni mwa Mei, lipu haikukauka, nao walikataa kupaka rangi juu ya ukuta mbichi. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini hawakuniambia. Nilipiga simu siku ya ishirini na mbili nikiamini kwamba nyumba iko tayari, nikaambiwa bado, na mwisho walichelewa kwa siku kumi na sita. Kwa mtu aliyekuwa tayari amempa miadi mpangaji mpya, na akampoteza kwa sababu ya kuchelewa huko, hiyo ni hasara ya kweli. Kampuni inayojua kusoma unyevu wa ukuta ilipaswa kujua tangu siku ya makadirio kwamba Mei ya Dar es Salaam haikaushi lipu kwa wiki mbili.

La pili ni la kazi ya bomba. Fundi bomba wao alizibua chemba na kubadilisha bomba lililopasuka, jambo lililoongeza shilingi 260,000 juu ya makadirio, na nilikubali nyongeza hiyo kwa kuwa walinitumia picha ya bomba kabla ya kununua. Lakini koki ya sinki aliyoifunga ilianza kudondosha maji baada ya wiki mbili, akarudi, ikadondosha tena. Binti kiongozi alipofika mwenyewe ndipo ilipogundulika kwamba walikuwa wameweka koki ya bei nafuu isiyohimili maji ya kisima chetu. Walibadilisha kwa gharama yao. Ningependa wamtazame fundi huyo kwa makini kuliko wanavyomtazama sasa.

Sehemu ya huduma ambayo nilidhani ni ya ziada, na ambayo sasa naiona kuwa ndiyo kiini chake, ni usuluhishi. Mimi nilikuwa nimeshapanga kumshtaki mpangaji. Lakini mwenye nyumba Tanzania anapaswa kujua anasimama wapi: Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na utaratibu wake wa kushughulikia wapangaji, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba unategemea sana yaliyoandikwa kwenye mkataba na ushahidi ulionao. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kupatanisha, halitoi tena hukumu; anayeshindwa kupatanishwa hapo huendelea kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nikiwa na picha nne za nje na mkataba wa kurasa mbili usiosema lolote kuhusu hali ya vyumba siku ya kuingia, ningepeleka nini? Tena sikuwa nimechukua fedha ya dhamana. Kama wengi wetu, nilichukua kodi ya miezi sita kwa mpigo nikajiona nimejilinda, nikasahau kwamba kodi ya miezi sita hulipia kukaa, na ikishaliwa hakuna inachokilinda.

Binti yule alimpigia mpangaji simu, akamwomba tukutane ofisi ya serikali ya mtaa. Sikutarajia angekuja. Alikuja, pamoja na mkewe, siku ya Jumamosi mwanzoni mwa Juni. Alinisalimia kwa shikamoo, nikaitikia, tukakaa bila kutazamana. Ripoti ilisomwa yote, mafungu yote matatu, na naamini kilichombadilisha mtu yule ni kusikia fungu la pili na la tatu likisomwa kwa sauti mbele yangu: dari si yako, soketi si zako, kuta si zako. Alikuwa amehama kimya kimya, alisema, kwa sababu alikuwa anadaiwa kodi ya mwezi wa mwisho na aliogopa kwamba atabambikiwa dari. Mkewe alisema, "Mama, tulikwambia kunavuja." Nilimwambia kwamba ni kweli waliniambia, na kwamba lile lilikuwa kosa langu. Baada ya hapo masizi, mlango, chemba na kinu havikubishaniwa hata dakika kumi.

Naye alikuwa na dai lake, na lilikuwa halali. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ingawa kodi hiyo ni wajibu wa mwenye jengo. Kwa nyumba ya kawaida kama yangu makato ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu kiwango kilipopandishwa mwaka 2023. Miezi 22 ni shilingi 33,000. Si fedha nyingi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilipaswa kumrudishia, nami sikuwahi kujiuliza. Ilikatwa hapo hapo kwenye hesabu: 1,640,000 za uharibifu, kuongeza 400,000 za kodi ya Aprili, kutoa 33,000, ikabaki 2,007,000, ya kulipwa kwa awamu tano. Mwenyekiti aligonga muhuri. Hadi ninapoandika, mwezi wa Novemba, amelipa awamu nne, moja kati ya hizo ikiwa imechelewa wiki mbili baada ya kunijulisha.

Kwa mwenye nyumba anayejiuliza kama huduma ya namna hii inamfaa, jibu langu linategemea umbali na aina ya nyumba. Mwenye chumba kimoja cha shilingi 50,000 ambacho anakiona kila asubuhi kutoka mlangoni kwake hana haja ya kulipa 120,000 za ukaguzi. Anahitaji daftari, simu yenye kamera na ujasiri wa kuingia chumbani na mpangaji wake siku ya kwanza. Lakini kwa anayeishi mkoa mwingine au nje ya nchi, na anayemtegemea dalali ambaye kipato chake kinatokana na mpangaji kuingia, si na nyumba kukaa salama, ninaipendekeza kwa moyo mmoja. Ningewapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibakiza ni ya siku kumi na sita za ukimya.

Kabla ya mpangaji mpya kuingia, mwezi wa Agosti, walikuja tena kwa makabidhiano, huduma iliyokuwa ndani ya bei ya ukarabati. Mkataba mpya una kiambatisho cha kurasa sita kinachoeleza kila chumba, na una kifungu cha fedha ya dhamana ya mwezi mmoja kinachosema itarudishwa ndani ya siku kumi na nne pamoja na maelezo ya maandishi ya chochote kitakachokatwa. Unasema pia kwamba mpangaji akiripoti kuvuja kwa paa au hitilafu ya umeme, nina siku saba za kumtuma fundi, na nikishindwa anaweza kumleta fundi wake na kukata gharama kwenye kodi inayofuata. Kifungu hicho niliomba kiwekwe mimi mwenyewe.

Mpangaji mpya ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wawili. Tulipita naye chumba kwa chumba, yeye na kalamu, mimi na kalamu, binti akipiga picha zenye tarehe. Jikoni aliinama, akafungua koki ya sinki, akaifunga, akaitazama kwa muda, kisha akaandika kwenye fomu yake kwamba inadondosha. Niliitazama nami, nikaona tone, nikaandika hivyo hivyo kwenye yangu, tukatia sahihi zote mbili, na binti akampigia fundi simu tukiwa bado jikoni.